Viti Uani kwa Mama Pasi

4 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka kwangu. Mimi mzima, magoti tu ndiyo yananung'unika asubuhi, lakini yakishapata joto la pasi yananyamaza. Natumaini wewe hujambo, baba watoto hajambo, na mjukuu wangu hajambo na bado ana mashavu yale niliyoyaacha nilipokuja kumwogesha. Mwambie bibi anamsalimu na asikubali kunyolewa nywele, atafanana na babu yake. Babu yake alikuwa mtu mzuri, lakini uzuri wenyewe haukuwa wa sura.

Barua yako niliipata pamoja na ile picha, wewe umevaa koti jeupe umeshika mguu wa bandia mkononi kama mtu anayetoka sokoni. Nimeibandika juu ya meza ya kupigia pasi, mahali ambapo mteja akiingia hana pengine pa kutazama. Mtu akija kuchukua shati simpi mpaka aulize yule ni nani. Wengine wamekwisha kunijua, wanauliza wakiwa bado barabarani ili wawahi kwenda zao. Nawaambia huyo ni mwanangu, anatengeneza miguu, anapokea mtu aliyeletwa amebebwa na anamtoa anatembea. Jana karani wa benki alikuja kuchukua suruali, akasema ana haraka, nikamweleza kwa ufupi tu, akachelewa kazini. Shauri yake, angekuja mapema.

Kazi inakwenda. Jirani yetu muuza mkaa, huyu tunayemwita Redio, bado ananiletea mkaa na habari. Mkaa wake siku hizi una unyevunyevu, habari ndizo zinazowaka. Chumba cha mbele nimekipaka chokaa. Ile meza ya pasi iliyokuwa ikiyumba sasa haiyumbi. Dirisha la chumba chako lililokuwa halifungi sasa linafunga, tena kwa kidole kimoja. Kitanda chako nakitandika kila Jumamosi, na shuka nimelitia wanga mpaka linasimama lenyewe.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Utakuja lini? Mara ya mwisho ulikuja ukiwa bado unajifunza hiyo kazi, ukaondoka kabla siku zako hazijaisha, ukasema umeitwa. Sikuuliza nani aliyekuita. Mtoto wako sasa anajua kusoma na hajapata kuuona mlango wa nyumba aliyokulia mama yake. Watu wananiuliza. Nawaambia una kazi nyingi, miguu ya watu haingoji. Nimelisema hilo mpaka mimi mwenyewe nimechoka kujisikia.

Nimalizie hapo, mkaa unakwisha na kola za polisi zinaningoja.

Mama yako

---

2 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mjukuu wako kang'oka jino la mbele na anasema nalo litengenezewe bandia. Baba yake anakusalimu, anasema mashati yake hayajanyooka tangu ulipoondoka, na mimi nimeambiwa nisichukulie kama dongo.

Mama, nakuja. Kabla hujainuka kwenda kumwambia Redio, kaa chini usome mpaka mwisho.

Nimepata likizo katikati ya Mei. Nitakuja peke yangu, na nataka kuja kama msafiri. Nitashuka kituoni kama mtu yeyote, nitapanga chumba kwenye nyumba ya wageni nyuma ya posta, nitatembea mjini siku mbili tatu nitazame, kisha ndipo nije nyumbani. Naomba asijue mtu. Usimwambie Redio, usimwambie karani wa benki, usiiambie hata picha ya ukutani.

Najua hili ni gumu kwako. Lakini unakumbuka mara ile. Niliamka asubuhi nikakuta watu wamepanga mstari mlangoni, wa magoti, wa mgongo, hata mmoja wa jino, kwa sababu ulitangaza kwamba fundi wa viungo amefika. Nilikuwa na miezi michache tu darasani. Na mwisho wa mstari alikuwa fundi seremala, yule aliyeangukiwa na gogo, ana magongo mawili, na ule upande mtupu wa suruali umekunjwa na kunyooshwa vizuri sana. Najua pasi iliyopita pale ilikuwa ya nani. Akaniambia, "Mama yako amesema utanipa mguu." Nilimjibu nilivyomjibu. Umeandika hukuuliza nani aliyeniita. Asante kwa kutouliza.

Kwa hiyo mtu akitaka habari zangu, sema: sina la kusema. Maneno hayo tu, usiongeze chumvi.

Halafu, barua mbili zilizopita nilikuuliza habari za yule fundi, ukanijibu habari za madirisha. Hajambo?

Mwanao

---

20 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Hilo jino mlitupe juu ya paa kama tulivyofanya la kwako, litaota lenyewe, msimzoeshe mtoto vitu vya bandia.

Barua yako niliisoma nimesimama, halafu nikakaa, nikaisoma tena. Nyumba ya wageni! Mimi nina kitanda chenye shuka la wanga, wewe unakwenda kulipia godoro alilolalia kila dereva aliyewahi kupita mji huu. Mashuka yao nayajua mimi, maana yanaletwa kwangu kufuliwa. Kuna mengine nayafua nimefumba macho.

Basi, nimekubali. Wewe ni mtu mzima na una cheti. Sitasema. Unadhani mama yako hawezi kunyamaza, lakini mimi nilinyamaza miezi yote ile nilipokuwa na mimba yako, watu wakajiambia nimenenepa tu. Nikiamua, jiwe linajifunza kwangu.

Lakini na mimi nina swali, na ulijibu kwa herufi kubwa nisitafute miwani. Unaumwa? Mtu mzima hatoki huko mbali akaja kutembea peke yake kwenye mji wake akitazama kuta, ila ana lake. Au ni baba watoto? Kama amekunyanyasa niambie. Nilimpigia pasi mashati yake kwa mapenzi, na pasi hiyohiyo ninayo bado.

Umeniuliza habari za fundi seremala. Mvua zimeanza mapema mwaka huu. Nguo hazikauki, nimefunga kamba mpaka ndani, naishi katikati ya masuruali ya watu kama niko msituni. Kamba zenyewe zimefungwa kwenye ndoano nzuri za mbao, imara kabisa.

Jibu upesi.

Mama yako

---

9 Aprili

Mama mpenzi,

Shikamoo. Sote wazima. SIUMWI. Baba watoto hana kosa, zaidi ya kukoroma. Sababu ya safari nitakuambia uso kwa uso, haifai kwenye karatasi na wala haifai kwenye simu ya dukani ambako mtaa mzima hutega sikio. Usiwaze.

Fundi seremala yuko hai? Andika ndiyo au hapana. Mama, nina sababu ya kuuliza. Nisipojua habari za mtu huyo, sitajua la kufanya na jambo linalonileta.

Mwanao

---

10 Mei

Mwanangu mpenzi,

Natumaini barua hii itakukuta kabla hujaondoka, ingawa posta yetu na wewe sijui nani ana haraka zaidi. Mimi mzima kiasi. Nakuandikia nipumue, maana huku nimekuwa kama chupa iliyozibwa.

Nimenyamaza. Nataka ujue hilo kwanza. Tangu barua yako ya Machi sijamwambia mtu hata neno moja. Mwanzoni nilidhani nitapasuka. Mteja anaingia, anaitazama picha, anauliza, "Mwanao hajambo?" na mimi ulimi unaniwasha. Nikaona picha ndiyo inayoniponza. Nimeiondoa ukutani, nimeifunga kwenye kitambaa, nimeiweka chini ya godoro. Mtu akiniuliza iko wapi, nasema sina la kusema. Akiniuliza umeandika lini, nasema sina la kusema. Karani wa benki siku hizi anachukua nguo zake na kuondoka dakika ileile, na badala ya kufurahi anatoka kwa unyonge.

Sikufichi, nimelia pia. Nilipopata barua yako ya siumwi nilifurahi mpaka nilipofika kwenye uso kwa uso. Mtu asiye na ugonjwa hasemi uso kwa uso. Nikawa napiga pasi huku machozi yanadondokea mashati, na bahati nzuri nguo zinahitaji kunyunyiziwa, hivyo sikupoteza kitu. Redio akanikuta. Akaniuliza, "Ni mwanao?" Nikasema, "Sina la kusema." Akaukalia mfuko wa mkaa, naye akalia. Sijui yeye alilia nini, mume wake ndiyo kwanza amepata kazi.

Tangu siku hiyo mtaa umekuwa wa ajabu. Mkaa naletewa bure. Wenye nyumba ya wageni waliniambia nisifue wiki hii, nipumzike, nikakataa, nikayafua mashuka yao yote na kuyatia wanga wa kutosha, sababu unaijua. Wanawake wanapita wananishika mkono bila kusema kitu. Mwenye duka la kanga jana alinikumbatia, na yule mwanamke hatujaelewana tangu habari ya ile kanga iliyochuja rangi. Nadhani ni kwa sababu nimenyamaza. Pengine miaka yote hii nilikuwa nawachosha, na sasa ndiyo wananipenda. Hilo nalo limeniuma kidogo.

Kuhusu fundi seremala, jibu ni ndiyo.

Njoo salama. Kama ni ugonjwa, nitakuuguza. Kama umeachwa, kitanda unacho. Kama umefukuzwa kazi, pasi ni mbili.

Mama yako

---

3 Juni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Nimefika salama, wote nimewakuta wazima, na barua yako ya Mei nimeikuta mezani. Ilifika siku mbili baada ya mimi kupanda gari. Nimeisoma na baba watoto, tumecheka mpaka mtoto akaja kuuliza nani kaanguka. Ingenikuta kabla, nisingeyaona niliyoyaona. Nashukuru uvivu wa posta.

Sasa ngoja nikuambie ya upande wangu, maana wewe ulikuwa ndani na pasi na mengi hukuyasikia.

Nilishuka mchana. Kituo kimehamishwa ng'ambo ya pili ya mji, kwa hiyo nilitokea mjini kwa mgongo, kama mtu anayeingia nyumbani kwake kupitia dirishani. Nilipita ukuta wa shule na kuona ni mfupi. Nilikuwa nikiukumbuka kama wa gereza. Mtaa wa vinyozi umebaki na kinyozi mmoja na viti vitatu. Posta wameweka kioo kwenye kaunta. Hakuna aliyenitambua, na kwa muda nilifurahia. Miguu ndiyo iliyonishangaza. Nikiwa natafuta njia kwa macho, yenyewe ilikuwa imekwisha kukata kona.

Chumba changu kilikuwa na kitanda, meza na taa moja. Nilipojitupa kitandani shuka lililia kama karatasi. Nikalinusa, nikaligeuza, kwenye pindo nikakuta alama yako ya uzi mwekundu. Mama, nilikaa pale nikiwa nimelishika tu. Nilikuja mgeni na tayari nilikuwa nimetandikiwa.

Ndipo mwenye nyumba akaingia na maji ya kunywa. Nilimuuliza wapi naweza kupigiwa pasi blauzi yangu iliyokunjamana njiani. Akasema dobi wao mzuri yuko, lakini siku hizi hasumbuliwi, amefiwa. Nikamuuliza amefiwa na nani.

"Binti yake," akasema. "Yule wa miguu."

Nikamuuliza ni binti gani tena huyo, huku najishika mkono. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda akanisimulia. Mama Pasi hapokei tena barua, ameitoa picha ukutani, haongei, analia juu ya nguo za watu. Mtu akimuuliza, jibu lake ni moja tu. Wengine wanasema nilikufa kwa homa, wengine kwa gari. Redio yuko upande wa gari. Akajifuta macho kwa upindo wa kanga yake akasema nilikuwa mtoto mwema sana, nilikuwa nikimwamkia kila siku nikienda shule. Mama, mimi njia ile sikuwahi kupita kwenda shule. Lakini sikuwa na moyo wa kumkatalia marehemu sifa zake.

Nilipaswa kuja nyumbani bila kujificha, najua. Nilifunga kitambaa kichwani nikaja haraka nilivyoweza. Uani nikakuta viti, vya plastiki, vya mbao, hata benchi la kinyozi, na watu wamekaa kwa utulivu wanaongea kwa sauti ya chini. Redio alikuwa mlangoni anagawa chai kama mwenye msiba. Akanipa kikombe bila kunitazama, akaniambia, "Pole, dada, kaa popote." Nikakaa popote. Miguu ilikataa kwenda mbele, kwa sababu karibu na ukuta alikuwa amekaa fundi seremala, na alikuwa anazungumza habari zangu.

Hapa sasa nikuambie kile nilichokuambia jikoni, nikiandike vizuri. Mtu huyo ndiye aliyenizuia kurudi. Miaka yote nilimwona akilini yuko barazani na suruali yake iliyonyooshwa, anangoja mguu alioahidiwa kwa jina langu. Hospitali ya mji wetu huko ilipoandika kwamba inafungua karakana ya viungo bandia na inanitaka mimi niisimamie, nilitaka kusema ndiyo siku ileile. Nikashindwa. Na sikuthubutu kukuambia, maana ungetangaza, na likishatangazwa siwezi tena kusema hapana. Nikajiambia nitakwenda kama msafiri, nimtazame usoni. Nikiona ananichukia, nitarudi nilikotoka na hakuna atakayejua nilifika.

Alichokuwa akisema ni hiki, nimekishika neno kwa neno:

"Mimi huyu binti namlilia kwa sababu yangu mwenyewe. Nilipokatwa mguu kila mtu aliniambia tutaona. Daktari, tutaona. Ndugu zangu, tutaona. Mama yake akaniambia kesho asubuhi. Binti peke yake alinitazama akasema, 'Siwezi, bado sijajua.' Alikuwa mtoto, anatetemeka, lakini alisema. Nikarudi nyumbani, nikachukua randa, nikajichongea. Angesema ndiyo, mpaka leo ningekuwa nimekaa namngoja."

Mama, chai ilinimwagikia magotini na sikuisikia.

Halafu akainuka kusogeza kiti chake kivulini. Nikauona mguu wenyewe. Mti mzuri, umepigwa msasa unang'aa, na umefungwa kwa mikanda ya begi. Lakini bega lilishuka upande kila alipokanyaga. Nilijaribu kunyamaza. Hapo ndipo nilipojua mimi ni mtoto wako, maana nilishindwa kabisa.

"Huo mguu ni mfupi," nikasema.

Akajibu bila kugeuka kwamba ameupima mwenyewe, mbele ya kioo.

"Ndiyo maana. Mtu hajipimi mguu. Ukiinama kusoma kipimo, umekwisha kuupunguza. Utaumia nyonga."

Akageuka polepole, akanitazama, akatazama kitambaa, akanitazama tena. Akasema, kwa upole kabisa, "Marehemu, vua kitambaa."

Nilivua. Redio alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue haikutoka habari. Kisha kelele zile ulizozisikia. Halafu wewe ukatokea mlangoni umeshika pasi yenye moto, ukaniona, ukawatazama watu wote, na badala ya kunikumbatia ukasema kwanza:

"Nyote ni mashahidi. Mimi sikusema neno."

Nimeandika kwa hospitali kwamba nakubali. Baba watoto ameshaomba uhamisho, na shule moja huko inahitaji mwalimu wa hesabu. Lakini barua yao ya kuthibitisha haijafika, na karatasi ikichelewa kidogo watu watasema mengi. Mpaka ifike, Mama, nakuomba kwa mara ya mwisho: sina la kusema.

Na jambo moja zaidi. Meza haiyumbi, dirisha linafunga, ndoano ni imara. Nilipowaaga mlangoni fundi alikuwa amesimama nyuma yako na alikuwa anajua birika liko wapi. Sikuuliza. Wewe hukuniuliza nani aliyeniita.

Mwanao

---

25 Juni

Mwanangu mpenzi, mama wa mjukuu wangu, msimamizi wa karakana,

Marahaba, na marahaba nyingine ya akiba. Sisi huku wazima. Magoti yamenyamaza hata bila pasi.

Barua yako nimeisoma peke yangu, mlango nimefunga. Nimecheka, nikalia, nikacheka tena. Unajua mimi siku ile nilidhani vile viti ni vya mkutano wa Redio na wenzake. Nikasema waache wakae, uani kuna kivuli. Niliposikia mtu anasema Mungu amlaze mahali pema nikajiuliza kwanza ni nani kafa na mbona sijaambiwa, mimi ambaye naambiwa kila kitu. Nilikuwa natoka na pasi kwenda kuuliza ndipo nikakuona. Ndiyo, nilisema nilichosema. Ulidhani baada ya kujizuia hivyo mtu atakosa kutaka mashahidi? Kisha nilikukumbatia mpaka ukasema nakuunguza, na pasi nilikuwa nimekwisha kuiweka chini.

Nimefarijika, mwanangu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugonjwa, kwa kuachwa, kwa kufukuzwa. Kwa habari njema sikuwa nimejiandaa hata kidogo. Usiku nalala kama gunia.

Picha nimeirudisha ukutani, pamoja na ile mpya uliyopiga na watu wote uani, wewe umekaa katikati ya waliokuja kukulilia. Kinyozi anataka nakala. Anasema hajawahi kuona msiba wenye picha nzuri namna ile. Mwenye duka la kanga tumegombana tena, ndipo nikajua hali imekuwa ya kawaida.

Haya, fundi. Umekuwa mkubwa, nikuambie. Alianza kuja kwa ajili ya meza. Meza ikapona, akaona dirisha. Nyumba hii sasa haina kitu kilicholegea na bado anakuja. Kabla ya mvua aliniuliza neno. Sikukuandikia kwa sababu kila ulipomtaja niliona haya, wewe unamwona kama mzigo na mimi nimemkaribisha sebuleni. Nilimwambia nitamjibu siku akisimama mbele yangu mabega yote yakiwa sawa, nikidhani nimejipatia muda. Sasa umekuja wewe na kipimo chako. Kila asubuhi anapita kuuliza, siyo kuhusu mguu, kuhusu tarehe. Kwa hiyo ukifika usianze na wenye magoti. Anza na huyu. Suruali nimekwisha kuinyoosha, pande zote mbili.

Sasa sikiliza, hili ndilo lililonifanya niandike leo bila kungoja Jumapili. Uliniomba ninyamaze na nimenyamaza. Watu wanauliza, "Mama Pasi, mwanao alifika salama?" nasema alifika. "Anarudi lini?" Hapo nasema sina la kusema. Nimelisema kwa kinyozi, kwa karani, kwa mwenye nyumba ya wageni. Fundi anajua lakini anajifanya seremala tu.

Leo asubuhi nimefungua mlango, nimemkuta Redio uani. Hakuniangalia usoni. Ameweka mfuko wa mkaa mkavu, wa bure, na nyuma yake watu wawili wanashusha viti.

Mwanangu, hiyo karatasi ya hospitali uisukume, au unipe ruhusa niseme leo hii. Chai yangu imebaki kidogo, na sina nguvu ya kukuzika mara mbili.

Mama yako anayekungoja, na kitanda kimetandikwa